Japani: Nchi Itikisikayo na Watu Waipimao

Katika nchi nyingi mtu ajengapo nyumba hufikiri juu ya mvua, upepo na mchwa. Katika nchi ya Japani mjenzi hana budi kufikiri kwanza juu ya ardhi yenyewe, maana ardhi ya huko haitulii. Kila mwaka matetemeko ya nchi yasikikayo na watu hupita elfu moja, mbali na yale madogo ambayo hutambuliwa na mitambo peke yake. Sababu yake ni kwamba visiwa vya Japani vimekaa mahali ambapo vipande vinne vikubwa vya gamba la dunia hukutana. Kipande cha upande wa mashariki, kilicho chini ya Bahari ya Pasifiki, husogea yapata sentimeta 8 kwa mwaka na kujisukumiza chini ya visiwa hivyo. Miamba huvumilia msukumo huo kwa miaka mingi. Hata siku moja hushindwa, hukatika ghafula, na nchi hutikisika.

Kwa ajili hiyo Serikali ya Japani imeweka watu ambao kazi yao, usiku na mchana, ni kuisikiliza ardhi, kupima kila tetemeko, na kuwaeleza wananchi maana yake. Kupima ni kazi ngumu, lakini kueleza ni kazi ngumu zaidi. Mpimaji akisema neno dogo kuliko hatari, watu watakufa. Akisema neno kubwa kuliko hatari mara nyingi, watu hawatamwamini tena. Historia ya kazi hiyo ni historia ya jambo hilo moja.

TIMAZI NA KARATASI

Tarehe 22 Februari 1880 mji wa Yokohama ulitikiswa na tetemeko ambalo halikuwa kubwa sana, lakini liliwashtua wageni waliokuwa wakifundisha nchini humo. Mmoja wao alikuwa Mwingereza aitwaye John Milne, mwalimu wa elimu ya madini. Mwaka huo huo yeye na wenzake walianzisha Chama cha Elimu ya Matetemeko cha Japani, nacho kilikuwa cha kwanza cha namna yake duniani. Milne, pamoja na James Ewing na Thomas Gray, walitengeneza mitambo ya kuandika mwendo wa ardhi.

Akili ya mitambo hiyo yaweza kufahamiwa na kila fundi mwashi aliyepata kushika timazi. Ukining'iniza kitu kizito kwa kamba, kisha ukatikisa ghafula kiguzo kinachokishika, kile kitu kizito hukawia kufuata. Basi ukiweka kalamu kwenye uzito huo na karatasi chini yake, nchi itikisikapo karatasi itakwenda pamoja na ardhi, lakini kalamu itabaki karibu mahali pake. Na hivyo mwendo wa ardhi utajiandika wenyewe. Mitambo ya leo hutumia umeme na hesabu za kompyuta, lakini msingi wake ni ule ule.

WATAALAMU WAWILI WASIOPATANA

Baada ya wageni hao kazi ilishikwa na Wajapani wenyewe, na katika Chuo Kikuu cha Tokyo walikuwako wataalamu wawili, Fusakichi Omori na Akitsune Imamura. Omori alikuwa mkubwa wa kazi, na sifa yake ilienea ulimwenguni. Katika mwaka 1905 Imamura aliandika kwamba mji wa Tokyo wapaswa kutazamia tetemeko kubwa katika muda wa miaka 50, na ya kuwa moto utakaofuata waweza kuua watu zaidi ya laki moja. Magazeti yaliichukua habari hiyo kwa kelele, watu wakaingiwa na hofu, na Omori akaona ni wajibu wake kuipinga hadharani ili kuutuliza mji. Imamura alidharauliwa kwa muda wa miaka mingi.

Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, wakati majiko ya mji mzima yalikuwa yamewashwa kwa chakula, nchi ya Kanto ilitikisika. Nyumba za mbao zilianguka juu ya mioto, upepo ukavuma, na Tokyo na Yokohama zikaungua. Watu waliokufa au kupotea walikuwa wapata 105,000. Siku hiyo Omori alikuwa Sydney, Australia, naye aliuona mtambo wa huko ukiandika tetemeko hilo kutoka mbali. Alirudi kwao hali ni mgonjwa, akafariki mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Imamura ndiye aliyeshika nafasi yake.

Mtu asifanye haraka kumlaumu Omori. Hofu ya bure nayo huleta madhara, na hakuna mtaalamu, wakati ule wala leo, awezaye kutaja siku ya tetemeko. Lakini Wajapani walijifunza ya kwamba kuutuliza mji si sawa na kuukinga. Tangu mwaka 1960 tarehe 1 Septemba imewekwa kuwa Siku ya Kujikinga na Maafa, na watoto wa shule hujizoeza kuingia chini ya meza na kutoka nje kwa utaratibu.

KIPIMO KIITWACHO SHINDO

Watu wengi huchanganya vipimo viwili. Kimoja hupima ukubwa wa tetemeko lenyewe kule lilikotokea. Hicho ni hesabu moja tu kwa kila tetemeko. Cha pili hupima jinsi ardhi ilivyotikisika mahali fulani; nacho hubadilika kutoka mji hadi mji, kama vile ngoma ilivyo moja, lakini aliye karibu huisikia kwa nguvu na aliye mbali kwa udhaifu. Kipimo hiki cha pili Wajapani hukiita "shindo", na ni ajabu njema ya kwamba masikio ya Mswahili hulipokea neno hilo bila kufundishwa, ingawa asili ya maneno haya mawili ni mbalimbali.

Shindo huanza na 0 na kuishia 7. Daraja la 5 na la 6 zimegawanywa kila moja mara mbili, la chini na la juu, hata yote yakawa madaraja kumi. Zamani karani wa kituo cha hali ya hewa ndiye aliyekuwa kipimo: alisikiliza kwa mwili wake, akatazama taa na madirisha, kisha akaandika daraja. Tangu mwaka 1996 kazi hiyo imeachiwa mitambo, na leo vituo vya kupimia shindo vimepita elfu nne nchini kote. Tetemeko likitokea usiku wa manane, hata katika kijiji kidogo, madaraja ya kila wilaya hutangazwa baada ya dakika moja na nusu hivi, na wazima moto hujua waelekee wapi kwanza.

Maendeleo hayo yalinunuliwa kwa machozi. Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, mji wa Kobe ulipigwa, na watu 6,434 walikufa. Serikali ililaumiwa kwa kuwa elimu ya wataalamu ilikuwa imekaa vyuoni bila kuwafikia wananchi. Mwaka huo huo sheria ilitungwa, na Kamati ya Uchunguzi wa Matetemeko ikaundwa, ambayo hukutana kila mwezi na kupima habari za nchi nzima, kisha hutoa maelezo kwa watu wote. Kadhalika mitambo yapata 800 imeshushwa katika visima vyenye kina cha mita 100 na zaidi, ili kelele za magari na viwanda zisiifikie.

MBIO ZA MAWIMBI MAWILI

Tetemeko hutuma mawimbi ya namna mbili. La kwanza hukimbia kilometa 6 au 7 kwa sekunde, nalo ni jepesi. La pili hukimbia yapata kilometa 4, nalo ndilo livunjalo nyumba. Lakini habari ya umeme hukimbia kupita yote mawili. Kwa hiyo mtambo ulio karibu ukilisikia wimbi la kwanza, kompyuta hukadiria hatari na kupiga ilani katika redio, televisheni na simu za mkononi kabla ya wimbi la pili kufika. Ilani hiyo ilianza kutolewa kwa watu wote tarehe 1 Oktoba 2007. Mtu aliye juu kabisa ya chanzo cha tetemeko hapati faida, maana mawimbi humfikia karibu pamoja. Lakini aliye mbali hupata sekunde chache, nazo zatosha kuzima jiko au kuondoka chini ya kabati.

DAKIKA TATU ZA MWAKA 2011

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, miamba ilikatika chini ya bahari mashariki ya Tohoku. Ilani ilitoka sekunde chache baada ya mtambo wa kwanza kusikia, na treni za mwendo wa kasi za njia ya Tohoku zilizokuwa na abiria zilisimama bila hata moja kutoka relini. Hapo mitambo ilistahili sifa.

Lakini baada ya dakika tatu Idara ya Hali ya Hewa ilipaswa kutangaza urefu wa wimbi la bahari liitwalo tsunami. Njia yao ya upesi ya kukadiria ukubwa haikufaa kwa tetemeko kubwa mno. Ilitoa hesabu ya 7.9, hali ukweli, uliopatikana baada ya siku mbili, ulikuwa 9.0. Tangazo la kwanza lilitaja mita 6 kwa jimbo la Miyagi, na mita 3 kwa Iwate na Fukushima. Wako watu waliosikia "mita tatu", wakautazama ukuta wa bahari uliojengwa kuwalinda, wakaona ya kuwa unatosha. Saa tisa na dakika 14 idara iliongeza hesabu, lakini umeme ulikuwa umekatika mahali pengi, na wengi hawakulisikia tangazo jipya. Waliokufa na kupotea walizidi 18,000, walio wengi kwa maji.

Wakuu wa idara hawakuificha hesabu hiyo. Waliichunguza hadharani, na tangu Machi 2013 desturi imegeuzwa: tetemeko likionekana kupita kiasi cha mitambo ya upesi, tangazo la kwanza halitaji mita. Husema tu kwamba wimbi ni "kubwa mno" na watu wakimbilie mahali pa juu. Tena kamba za mitambo zimelazwa chini ya bahari pwani ya mashariki, zenye vituo 150, ili wimbi lipimwe lenyewe kabla ya kufika nchi kavu. Tarehe 1 Januari 2024, rasi ya Noto ilipopigwa, watangazaji waliacha sauti ya upole na kuwaamuru watu kwa ukali wakimbie mara moja.

KUSEMA "HUENDA"

Somo jingine lilitoka Kumamoto. Tarehe 14 Aprili 2016 palitokea tetemeko, na watu wakaambiwa wajihadhari na "matetemeko ya baadaye". Wengine walidhani kwamba lililo kubwa limekwisha pita, wakarudi kulala nyumbani. Usiku wa tarehe 16 likaja lililo kubwa zaidi. Tangu hapo idara imeacha kutumia neno hilo katika maonyo yake; huwaambia watu watazamie tetemeko lenye nguvu sawasawa na la kwanza.

Tarehe 8 Agosti 2024 tetemeko la 7.1 lilitokea karibu na bonde la bahari la Nankai, ambako matetemeko makubwa yalitokea katika miaka 1707, 1854, 1944 na 1946. Kwa mara ya kwanza idara ilitangaza ya kwamba nafasi ya tetemeko kuu imeongezeka, ingawa ilibaki ndogo. Treni zilipunguza mwendo, fukwe kadhaa zilifungwa, Waziri Mkuu alivunja safari yake ya ng'ambo. Juma likapita, hakukutokea kitu, na onyo likaondolewa. Kadhalika katika Septemba 2025 Kamati ilitangaza makadirio mawili juu ya Nankai kwa miaka 30 ijayo, moja la asilimia 60 hadi 90 na zaidi, la pili la asilimia 20 hadi 50, kwa sababu njia za hesabu ni mbili na wataalamu hawakutaka kuficha shaka yao. Karne moja kabla yake, neno la namna hiyo lisingalisemwa mbele ya watu.

FAIDA KWA BAHARI YA HINDI

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki kama yaonekanavyo. Tarehe 6 Januari 1928 nchi ya Subukia, katika Bonde la Ufa, ilitikisika na ardhi ikapasuka. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lililotoka Sumatra lilisafiri kwa muda wa saa nyingi hadi pwani ya Afrika. Kenya iliwaondoa watu ufukweni, na mtu mmoja tu alikufa; Somalia, ambako onyo halikufika, watu karibu 300 walipotea. Bahari ilikuwa moja na wimbi lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni habari. Kuanzia mwaka 2005 Idara ya Japani, pamoja na kituo cha Hawaii, ilizipelekea nchi za Bahari ya Hindi habari za matetemeko na mawimbi, mpaka India, Indonesia na Australia zilipokuwa tayari kuishika kazi hiyo.

Mzee wa pwani husema, tahadhari kabla ya hatari. Lakini tahadhari yahitaji watu wa namna mbili: mpimaji asiyeona haya kusema "huenda", na msikilizaji asiyemcheka mpimaji siku ile ambayo hatari haikuja. Japani imewatafuta watu hao kwa muda wa miaka 140 na zaidi, nayo ingali inawatafuta.