Sampuli ya Ubongo na Dimensia: Wakati Gani Ichukuliwe? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba dimensia huletwa na magonjwa mengi, wala si ugonjwa mmoja. Tangu mwaka 1906, Alois Alzheimer daktari, alipouchunguza kwa hadubini ubongo wa marehemu Auguste Deter, aliyekuwa mgonjwa wake wa dimensia, imejulikana kwamba ithibati ya mengi kati ya magonjwa hayo imo ndani ya tishu zenyewe. Kwa nini basi tungoje mgonjwa afe, ilhali daktari wa upasuaji anaweza kutoboa fuvu na kuchukua kipande kidogo cha ubongo? Ninavyoona mimi, fuvu litobolewe pale tu panapokuwa na dalili za ugonjwa unaotibika. Hospitali ya mishipa ya fahamu ya Queen Square, London, ilichambua wagonjwa 90 wa dimensia waliochukuliwa sampuli kati ya 1989 na 2003. Asilimia 57 walipata jibu: asilimia 18 ya wote walikuwa na Alzheimer na asilimia 12 Creutzfeldt-Jakob, magonjwa yasiyoponyeka. Wenye inflamesheni, ambayo aghalabu hutibika, walikuwa asilimia 9 tu. Matokeo yaliamua tiba kwa asilimia 11 ya wagonjwa. Na asilimia 11 walipata madhara, yakiwemo degedege, maambukizi na kuvuja damu, ingawa hakuna kifo kilichohusishwa na upasuaji huo.

Wapo watakaosema kwamba familia ina haki ya kujua, hata kama dawa hakuna. Haki hiyo naiheshimu kabisa. Lakini leo protini za Alzheimer hupimwa katika maji ya uti wa mgongo au kwa picha za PET, na hata prioni, yaani protini zenye kasoro ziletazo Creutzfeldt-Jakob, hutafutwa katika maji hayo hayo. Prioni, tukumbuke, hustahimili utakasaji wa kawaida wa vifaa, hivyo kisu kilichotumika kwa mgonjwa mmoja kinaweza kumwambukiza mwingine. Isitoshe, kipande kidogo huweza kuukosa ugonjwa uliokaa kwa mabaka. Wengi wa waliokosa jibu kule London waliambulia makovu ya ubongo yasiyotaja chanzo.

Wengine watauliza: kwa nini tusimpe mgonjwa steroidi, dawa za kutuliza inflamesheni, tuone kama atapata nafuu? Hapa ndipo ninapokitetea kisu. Mtu aliyedhoofika akili kwa wiki chache, ambaye vipimo vya kaswende, VVU, vitamini B12 na tezi ya thairoidi havikuonyesha kitu, na maji ya uti wa mgongo yana seli nyingi, ndiye hasa anayestahili upasuaji. Seli hizo ndizo zilizoashiria vizuri zaidi inflamesheni katika utafiti ule. Steroidi zikitangulia, limfoma ya ubongo, saratani ambayo nayo huweza kudhoofisha akili, husinyaa kwa muda, na sampuli ikichukuliwa baadaye huenda isiioneshe.