Mshumaa Ulioyeyuka Katika Asidi

Kabla ya nyaya za gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018, wanafunzi wengi wa huku walidurusu kwa mshumaa. Nta yake ni parafini, minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, na tumezoea kufundisha kwamba parafini haidhuriwi na asidi. Kipande chake kikitiwa katika asidi baridi ya sulfuriki, hukaa vilevile.

Mwaka 1966, baada ya tafrija ya Krismasi katika maabara ya Profesa George Olah mjini Cleveland, Marekani, mtafiti mmoja alitumbukiza kipande cha mshumaa katika mchanganyiko wa asidi ya florosulfuriki na pentafloridi ya antimoni. Kikayeyuka. Mchanganyiko huo ukaitwa asidi ya mazingaombwe. (Asiujaribu mtu shuleni: ukipata unyevu hutoa floridi ya hidrojeni, ambayo hula hata kioo.)

Asidi iliyoipita kwa nguvu asidi halisi ya sulfuriki huitwa asidi kuu. Protoni yake hukishambulia kifungo cha parafini chenyewe. Hidrojeni mbili huondoka pamoja kama gesi, na kaboni hubaki na chaji chanya. Ayoni za namna hiyo zilitajwa vitabuni kwa miaka mingi, lakini zilitoweka kabla ya kuchunguzwa. Kosa halikuwa lao, bali la majirani. Katika maji, ayoni hiyo hudakwa papo hapo na molekuli zenye jozi za elektroni za kugawa. Katika asidi kuu, jirani hana cha kumpa. Basi ayoni hudumu.

Olah, mzaliwa wa Budapest aliyeihama Hungaria baada ya mapinduzi ya mwaka 1956, alitumia siri hiyo kuzihifadhi, na mwaka 1994 alipata Tuzo ya Nobel. Mmumunyo wa mshumaa ulipowekwa katika sumaku yenye nguvu ili viini vya hidrojeni vipimwe, ulidhihirisha ayoni ya kaboni 4 ambayo hidrojeni zake zote 9 zina hali moja.

Hata methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo, hupokea protoni ya ziada na kuwa CH₅⁺. Mwanafunzi mmoja wa Songea aliniuliza: kaboni ina mikono minne, wa tano umetoka wapi? Siku ile nilijibu vibaya. Hakuna mkono wa tano. Jozi moja ya elektroni huzishika atomu tatu kwa pamoja, yaani kaboni na hidrojeni mbili. Na kifungo hicho hakichoreki ubaoni kwa mstari mmoja wa chaki.