Moto wa Maji ya Kuoga Uwekwe Wapi?

Miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi kali katika milima ya Mbinga. Asubuhi ukungu umejaa mabondeni. Maji ya bomba na ya kijito yanauma vidole. Watu wa Ukata, Litembo na vijiji vingine vya milimani hawapendi kuwaogesha watoto kwa maji hayo. Kwa hiyo maji hupashwa moto. Asubuhi ni maji ya watoto wanaokwenda shule. Jioni ni maji ya watu waliotoka shambani.

Ndugu msomaji, jiulize swali moja. Nyumbani kwako maji hayo hupashwa moto mahali gani? Na nani alipachagua mahali hapo? Mara nyingi hakuna aliyepachagua. Mafiga yaliwekwa pembeni siku moja mvua iliponyesha, nayo yamebaki pale pale mpaka leo.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Walijifunza habari za vyoo. Walielewa kuwa choo kikichimbwa karibu na kisima kinaleta ugonjwa, hata kama kimejengwa vizuri sana. Moto wa maji nao uko hivyo hivyo. Ukiwekwa mahali pabaya unadhuru, hata kama sufuria ni nzuri na kuni ni kavu.

Moto usio na mlinzi

Moto wa maji ya kuoga ni tofauti na moto wa ugali. Mtu anayesonga ugali hukaa pale pale. Anauona moto na anamwona mtoto. Lakini maji ya kuoga hayasongwi wala hayakorogwi. Mama huteleka sufuria kubwa au debe la lita 20, kisha anakwenda kufagia, kukamua ng'ombe au kuanika kahawa. Maji hukaa motoni muda mrefu bila mtu karibu. Ndiyo sababu watoto wengi huungua kwa maji na wala si kwa ugali.

Kwa hiyo mahali penyewe ndipo panapotakiwa kufanya kazi ya mlinzi.

Tuanze na mahali pasipofaa. Chumba cha kulala hakifai kabisa. Tunajua kwa nini watu huingiza moto humo. Moto ule ule unapasha maji, unaondoa baridi, na watoto wanalala karibu nao. Lakini moshi wake unabaki ndani. Moshi wa kuni unawasha macho, na ukivutwa miaka mingi unaharibu mapafu. Kwa mtoto mdogo unaongeza hatari ya kichomi, yaani nimonia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Wengine husema, "Basi nitatumia mkaa, maana mkaa hauna moshi." Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu mkaa huua watu ambao hawakuona dalili yoyote ya hatari.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haikohozi mtu. Ukiivuta huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea, na usingizi unakuja. Aliyelala tayari hajui chochote. Anaweza asiamke tena. Kama watu wote waliomo chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko la mkaa limo ndani, msiseme ni malaria. Fungueni mlango, tokeni nje wote, na mpelekeni zahanati yule aliyelegea.

Mama aliyejifungua naye asiwekewe jiko chumbani. Ni desturi yetu kumpashia maji ya kuoga na kumkanda, na desturi hiyo haikatazwi hapa. Maji yapashwe nje, yachanganywe huko huko na maji baridi, kisha yaletwe kwake yakiwa ya uvuguvugu. Mtoto mchanga ana mapafu madogo. Asianze maisha kwa kuvuta moshi.

Mahali panapofaa

Mahali pazuri ni nje ya nyumba ya kulala, karibu na chumba cha kuogea, chini ya kibanda chenye paa. Tazama kwanza njia utakayopita na maji. Debe la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Ukilibeba likiwa la moto, ukavuka ua mzima wenye kuku, mbwa na watoto wanaokimbizana, siku moja utajikwaa. Hatua nne au tano kutoka kwenye moto hadi mlango wa bafu zinatosha. Kama kuta za bafu ni za matete au nyasi, ongeza umbali, maana cheche inaruka. Nyumba ya nyasi nayo ikae mbali na moto, walau hatua kumi, na zaidi ikiwa upepo ni mwingi.

Sisi wa milimani tuna shida nyingine ambayo watu wa tambarare hawaijui. Ua zetu zina mteremko. Moto uko juu, bafu liko chini, na katikati ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Weka moto na bafu kwenye usawa mmoja. Ikishindikana, chonga ngazi pana na uziimarishe kwa mawe. Mwaga kokoto mbele ya bafu ili maji yaliyooga watu yasifanye tope.

Kisha tazama upepo. Milimani upepo hufuata mabonde, kwa hiyo usimwige jirani. Kabla ya kujenga, washa majani mabichi kidogo mahali ulipopachagua, asubuhi na jioni, kwa siku tatu au nne. Angalia moshi unaelekea wapi. Ukiingia dirishani, sogeza.

Ukishapata mahali, jenga jiko la matofali na udongo lenye kuta pande tatu, na mdomo mmoja wa kuingizia kuni. Sufuria au pipa likae ndani ya kuta hizo imara, lisitingishike. Mafiga matatu hutingishika, na mtoto akiyagusa sufuria inamwangukia. Jiko la kuta hutumia pia kuni chache, kwa sababu moto hautawanyiki. Mdomo wa jiko usielekee njia ya watu. Zungushia kibanda ukingo au mlango mdogo wa mianzi ambao mtoto wa miaka miwili hawezi kuufungua. Kazi hii ni ya siku mbili, na akina baba wasiiite kazi ya wanawake.

Habari ya chombo ni fupi lakini ni kubwa. Pipa au dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa lisitumiwe kwa maji ya kuoga wala ya kunywa, hata likioshwa mara ishirini. Na chombo chochote kilicho motoni kisifungwe kwa kifuniko cha kubana. Maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke usipopata njia hupasua chombo.

Ndugu zetu wa ziwani

Mbamba Bay, Liuli na Lituhi mambo ni tofauti. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya milima ya Umatengo hupita mita 1,300. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mtu wa ziwani hapashi maji ya kuoga kila siku. Hupasha kwa ajili ya mgonjwa, mzee au mama aliyejifungua. Na kwa kuwa hapashi mara nyingi, hana mahali maalumu, bali huwasha popote. Huko nyumba nyingi za nyasi zina hatari kubwa upepo wa ziwa unapovuma. Hata moto wa mara moja kwa mwezi unahitaji mahali pake.

Jua nalo lina upande wake

Kuni zinapungua, na si lazima zitumike kila siku. Jua linaweza kupasha maji bure. Chukua madumu safi ya lita 20 yaliyokuwa na mafuta ya kula, yapake rangi nyeusi, yajaze maji, yafunike, uyaweke juani mahali ambapo ukuta unazuia upepo. Rangi nyeusi hunyonya joto la jua. Madumu madogo hupata joto upesi kuliko pipa kubwa.

Lakini uyaweke upande gani wa nyumba? Watu wengi hukosea hapa. Kwetu, katika miezi ya baridi, jua la mchana halipiti utosini. Linapita upande wa kaskazini. Chomeka kijiti wima ardhini mwezi Juni, saa sita na nusu mchana, utaona kivuli chake kimelala upande wa kusini. Upande wa kusini wa nyumba ni kivulini. Kwa hiyo madumu yakae kaskazini. Mtu anayenunua mtambo wa kupasha maji kwa jua, ule wa kuwekwa juu ya bati, naye aambiwe hivyo hivyo: uso wake uelekee kaskazini.

Maji hayo huwa na uvuguvugu kama saa tisa alasiri. Waogeshe watoto wakati huo, kwa maana kufikia asubuhi yatakuwa yamepoa. Usiyanywe. Uvuguvugu hauui vijidudu. Maji ya kunywa lazima yachemke mpaka yatokote.

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na watu wananunua hita ya kuchovya ndani ya ndoo. Ndoo hiyo iwekwe mahali pakavu, juu ya meza imara au benchi, nje ya bafu. Usitie kidole kupima maji wakati umeme unapita. Zima kwanza, chomoa waya, ndipo upime. Hita kubwa ya ukutani ifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni, na iwe na waya wa kupeleka umeme ardhini. Swichi yake iwe mahali ambapo mtu aliyelowa maji hawezi kuifikia. Hita ya gesi isiwekwe ndani ya bafu lisilopitisha hewa, kwa sababu hutoa sumu ile ile ya jiko la mkaa.

Akiungua mtu

Maji huunguza kabla ya kuchemka. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo tia maji baridi kwenye karai kwanza, ndipo uongeze ya moto. Pima kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto.

Akiungua, mvue nguo iliyolowa upesi, ila iliyogandamana na ngozi usiivute. Mwagie mahali palipoungua maji baridi na safi kwa dakika 20, polepole, bila kuacha. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Usipake mafuta, unga, asali, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Usipasue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi kisichobana, kisha mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ameacha kulia.