Dirisha Lipimwe Kabla ya Kujengwa

Kamati za ujenzi za sharika zetu hujadili kwa kirefu bei ya saruji, nondo na mabati. Madirisha hufikiriwa mwishoni, fedha zikikaribia kwisha. Hata hivyo, madirisha huchangia sana kuamua kama darasa au wodi ya zahanati itakalika saa tisa alasiri. Katika toleo hili tunaeleza jinsi jambo hilo linavyoweza kujulikana jengo likiwa bado ni mchoro.

Njia yenyewe ni kuliiga jengo ndani ya kompyuta. Mtaalamu huingiza vipimo vya chumba, aina ya kuta na paa, ukubwa wa madirisha na upande yanakoelekea, aina ya kioo na upana wa upenu. Kisha huingiza takwimu za jua, joto na upepo wa mahali husika kwa kila saa ya mwaka, yaani saa 8,760. Programu hukokotoa joto linaloingia na kutoka. Akibadilisha dirisha moja, hurudia hesabu na kulinganisha. Programu ya EnergyPlus, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na Wizara ya Nishati ya Marekani, hupatikana bila malipo.

Tuchukue mfano. Kioo cha kawaida cha milimita 3 huingiza takriban asilimia 86 ya joto la jua linalokipiga moja kwa moja. Kioo cha mita 2 za mraba, kikipigwa na jua la wati 500 kwa kila mita ya mraba, huingiza takriban wati 860. Ni karibu sawa na kuwasha pasi ya umeme chumbani.

Baadhi ya wafadhili kutoka nchi za baridi hupendekeza madirisha ya vioo viwili viwili. Kwao vioo hivyo huzuia joto la ndani lisipotee. Lakini vioo viwili vya kawaida bado huingiza takriban robo tatu ya joto la jua, na faida yake hupotea dirisha linapofunguliwa ili hewa ipite.

Tanzania iko karibu na ikweta, hivyo jua la mchana huwa juu sana. Madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa vizuri na upenu. Jua la asubuhi na jioni hupita chini ya upenu. Madirisha ya mashariki na magharibi yanahitaji miti au kibaraza, au yawe machache.

Majibu ya kompyuta hayawezi kuzidi ukweli wa taarifa ilizopewa. Wavu wa mbu hupunguza upepo, na dirisha linalofungwa usiku kwa hofu ya wezi halipozi chumba. Mambo hayo nayo yaingizwe.

Tunaziomba kamati zidai hesabu hii kwa mchora ramani kabla ya kupitisha mchoro, na wafadhili waikubali katika bajeti. Kugeuza jengo kwenye karatasi ni kazi ndogo. Kuligeuza baada ya kufunga lenta haiwezekani.