Mfarishi na Uhifadhi wa Joto

Katika miezi ya Juni na Julai, sehemu za Makete na Njombe, kusini mwa Tanzania, hupatwa na baridi kali, na mara nyingine umande huganda kuwa barafu. Baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Desturi hii ni ya hatari. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kumuua mtu akiwa usingizini. Lililo salama ni kuhifadhi joto la mwili wenyewe kwa mfarishi.

Mfarishi hautoi joto, hulizuia lisipotee. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za ujazo wake. Hewa hiyo hupitisha joto kidogo sana, ambapo maji hulipitisha zaidi ya mara 20. Kwa hiyo ujazo wapasa kubaki umefura na mkavu.

Pamba hunyonya maji na hatimaye hugandamana. Yahitaji kuanikwa mara kwa mara na kuchambuliwa upya. Sufi, itokanayo na tunda la msufi, ina nyuzi zenye uwazi ndani na nta kwa nje. Ni nyepesi na hainyonyi maji, ila hushika moto upesi. Sufu ya kondoo huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, lakini huliwa na viwavi vya nondo. Nyuzi za poliesta hukauka haraka, bali huyeyuka zikipata moto.

Kitambaa cha pamba hakina budi kufuliwa kwa maji ya vuguvugu, kukaushwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwani nyuzi zilizovutwa kiwandani hurudi zilowapo. Kisha kielekezwe kwenye mwanga: kikiupitisha kwa wingi, kimefumwa kwa ulegevu, na nyuzi za sufi zitapenya.

Tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mistari. Mishono ikiwa haba, ujazo hukusanyika upande mmoja. Ikisongamana mno, huibana hewa na kupunguza joto.

Mfarishi uliokamilika uanikwe juani kila upatapo unyevu. Ukitunzwa hivyo, watoto wataweza kulala kwa joto pasipo jiko chumbani.