KOSA LA PANDE ZOTE NA FIDIA YA AJALI ZA BARABARANI

Wananchi na watumishi wa umma wanafahamishwa kuwa mtu aliyejeruhiwa katika ajali ya gari hapotezi haki ya kudai fidia kwa sababu tu naye alikuwa na kosa. Asiache dai lake kwa kuambiwa, "Hata wewe ulikosea."

Zamani, kwa kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza, kosa la mdai, hata likiwa dogo, liliweza kuvunja dai lote. Uingereza yenyewe iliibadili mwaka 1945. Kwa Tanzania Bara, Sheria Sura ya 310 inaelekeza kuwa dai la namna hiyo lisifutwe, bali fidia ipunguzwe kwa kiasi ambacho Mahakama itaona ni haki, kulingana na sehemu ya lawama ya mdai. Ni juu ya mdaiwa kuthibitisha kosa hilo.

Kwa mfano, mkazi wa Kizota anavuka barabara ya Singida usiku bila kutazama, akagongwa na gari lililozidisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi. Mahakama ikikadiria hasara yake kuwa shilingi 10,000,000 na lawama yake kuwa asilimia 30, atastahili shilingi 7,000,000. Vivyo hivyo, abiria wa pikipiki asiyevaa kofia ngumu aweza kupunguziwa fidia ya jeraha la kichwa, ingawa hakusababisha ajali.

Majeruhi wazingatie yafuatayo:

1. Kutoa taarifa Polisi, kupata fomu ya PF3, na kutunza stakabadhi za matibabu na majina ya mashahidi.

2. Kuandika namba ya gari na jina la kampuni ya bima, na kuijulisha kampuni hiyo mapema. Bima ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria Sura ya 169.

3. Kutotia sahihi hati ya malipo ya mwisho kabla daktari hajathibitisha hali ya jeraha.

4. Kufungua shauri ndani ya miaka 3. Dai dhidi ya Serikali hutanguliwa na notisi ya siku zisizopungua 90, na nakala yake hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Aidha, kesi ya jinai dhidi ya dereva haimzuii majeruhi kufungua shauri la madai. Madereva wa magari ya umma nao wanakumbushwa kuwa uzembe wao wakiwa kazini humwajibisha mwajiri.