Chandarua Huchakaa, Mbu Huzidi Kuwa Sugu

Katika nyumba za Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, kila mama ajua kwamba chandarua kipya hakikai kipya. Nyuzi hulegea, matundu hutokea, dawa hufifia. Wataalamu wa fizikia hukipima kipimo cha uchakavu huo kwa jina la entropia, lililotungwa na Rudolf Clausius mwaka 1865. Kitu kikiachwa peke yake, utaratibu wake hupotea, wala haurudi wenyewe.

Mbona basi mbu, badala ya kuchakaa, huzidi kuwa hodari? Wako wanaodhani kwamba mageuzi ya viumbe huivunja kanuni hiyo. La, hasha! Kanuni hiyo yahusu kitu kilichofungiwa, kisichopokea nishati kutoka nje. Mbu hakufungiwa. Kiluwiluwi chake hula vijimea vilivyokuzwa na jua dimbwini. Naye jike hunyonya damu ya mtoto aliyelala. Utaratibu wa mwili wake hulipiwa kwa chakula hicho, na joto na taka hutawanywa nje.

Hata uchakavu wenyewe humfaa. Maelekezo ya urithi yanaponakiliwa kizazi hadi kizazi, makosa hutokea. Mengi hayana faida. Lakini kosa moja, lililotambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2000 na kuonekana pia Tororo, lilibadili mahali katika neva panaposhikwa na dawa zinazoiga sumu ya ua la pareto. Dawa iliwaua mbu wa kawaida; wenye kosa wakabaki, wakazaa. Mbu hakufikiri wala kukusudia. Kifo ndicho kilichochagua.

Madhara yake si madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Kuanzia Desemba 2014, kuta za nyumba wilayani humo zilipuliziwa dawa ya jamii nyingine, na malaria ikapungua sana.

Chandarua hakizai, wala hakijirekebishi. Nguvu zake hutoka katika mikono ya wenye nyumba. Basi familia, iwe kijijini au katika kambi ya askari, haina budi kushona matundu mapema, kukifua kwa sabuni isiyo kali, kukianika kivulini ili jua lisiimalize dawa, na kupokea kipya wakati wa ugawaji. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.